Kurudi Kampala kwa usiku mmoja: mwongozo kwa waliosoma huko na sasa wako Kagera

Watu wengi wa Kagera na Mwanza walipelekwa Uganda kusoma: wengine tangu sekondari, wengine Makerere, wengine vyuo vya Kansanga, Kyambogo, Ndejje au Nkumba. Baada ya miaka kumi kundi la WhatsApp la wahitimu huanza kuulizana, "Jamani, twende lini?" Swali hilo huzunguka miaka mitatu bila jibu kwa sababu kila mtu anadhani inahitajika wiki nzima. Haihitajiki. Kutoka Bukoba hadi Kampala ni takribani kilomita 300, zote lami. Mkitoka Ijumaa alfajiri mnarudi Jumamosi usiku, na katikati mnapata mchana mmoja, jioni moja na asubuhi moja mjini. Zinatosha, ila kwa sharti: msiende kutalii Kampala. Nendeni kuuona mji ule mdogo mliouishi, ambao kwa wengi haukuzidi kilomita mbili toka kitandani hadi darasani hadi kibanda cha chapati.

Mwongozo huu unafuata njia ya Bukoba–Mutukula–Masaka na kundi la watu wanne au watano kwenye gari moja, shabaha ikiwa kilima cha Makerere na mtaa jirani wa Wandegeya. Walio Kisumu umbali wao haupishani sana na huu, na tumewawekea maneno yao mbele kidogo.

Tarehe kwanza, watu baadaye

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kuuliza nani anakuja. Anzeni na kalenda ya chuo. Makerere hufungua mwaka wa masomo Agosti. Muhula wa kwanza huishia Desemba, wa pili huanza Januari au Februari na kwisha Mei au Juni. Mkienda Julai mtakuta majengo yapo lakini chuo hakipo: mtaa wa hosteli wa Kikoni kimya, vibanda vingi vimefungwa, na mpishi wenu wa zamani yuko kijijini kwao. Miezi mizuri ni Septemba hadi Novemba, na Machi hadi Aprili.

Kisha ondoeni tarehe hizi. Siku za mahafali, kwa kuwa vyumba hujaa na getini hampiti kirahisi. Tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda, ambapo mahujaji humiminika Namugongo wakiwemo wa kutoka Tanzania na Kenya. Kuanzia tarehe 1 hadi 4 barabara na nyumba za wageni huelemewa. Na majuma ya uchaguzi mkuu wa Uganda, ambao huja Januari au Februari kila baada ya miaka mitano.

Siku ya wiki nayo ina uzito. Ikiwa hata mmoja wenu ana shida ya ofisi, kama kuchukua transkripti au kuhakikisha cheti, lazima iwe Alhamisi kwenda Ijumaa au Ijumaa kwenda Jumamosi. Ofisi za jengo la Seneti hazifanyi kazi wikendi, na aliyefika Jumamosi ataishia kupiga picha na mlango. Huyo mwenye shida aje na namba yake ya usajili wa chuo, nakala ya pasipoti na ya cheti, na ajue kuwa malipo hupita benki, hayapokelewi mkononi dirishani. Ni afadhali aandike barua pepe wiki mbili kabla kuliko kuanza kueleza historia yake pale saa tisa alasiri ya Ijumaa.

Karatasi: kadi mbili za njano

Kuna kadi mbili za njano na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mwili: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Uganda huitaka wakati wa kuingia, na Tanzania huweza kuidai mnaporudi kwa kuwa mnatoka nchi yenye ugonjwa huo. Chanjo huhesabiwa kuanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayechanjwa Jumatano akasafiri Ijumaa bado hajakamilisha. Tangu Julai 2016 cheti kimoja ni cha maisha. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 haijafa, msikubali kuambiwa mchanje upya kwa sababu hiyo. Angalieni tu jina lililoandikwa lilingane na la pasipoti, hasa kwa akina dada waliobadili jina baada ya kuolewa.

Ya pili ni ya gari: bima ya Kadi ya Njano ya COMESA. Bima yenu ya nyumbani inaishia mpakani. Hii huongezwa na kampuni ileile iliyowakatia bima au na wakala, na ni rahisi kuishughulikia mkiwa bado Bukoba kuliko pale Mutukula mkiwa na haraka. Pamoja nayo bebeni kadi halisi ya gari. Kama gari si la aliye kwenye usukani, bebeni barua ya mwenye gari inayotaja namba ya gari, jina la dereva na tarehe za safari. Upande wa Uganda mtachukua kibali cha muda cha gari. Karatasi hiyo itunzeni, maana wakati wa kutoka mtaulizwa.

Kwa watu wenyewe, Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Kitambulisho cha taifa cha Tanzania hakitoshi. Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa, na kama kundi lenu lina Wakenya watawacheka kwa hili. Viza haihitajiki kwa raia wa Afrika Mashariki, na muhuri haulipiwi. Anayewadai fedha ya muhuri anajitafutia chakula cha mchana.

Fedha

Chagueni mweka hazina mmoja, asiwe dereva. Kila mtu alipe theluthi mbili ya makadirio wiki mbili kabla. Asiyelipa hadi siku hiyo haendi, na chumba chake kisihifadhiwe. Hii inaonekana ukali, lakini safari nyingi za marafiki huvunjwa na mtu mmoja anayesema "niko ndani" hadi usiku wa kuamkia safari.

Mafuta pigeni hivi: kilomita 600 kwenda na kurudi, ongeza 40 za mjini. Gari linalotembea kilomita 10 kwa lita linahitaji lita 64, na foleni za Kampala hula zaidi, kwa hiyo wekeni 75. Kisha chumba, milo mitano kwa kila mtu, viingilio, halafu asilimia 15 ya dharura ambayo haiguswi hadi mmevuka kurudi.

Shilingi ya Tanzania huwa na thamani kubwa kuliko shilingi ya Uganda, na hapo ndipo akili hudanganyika, kwa sababu tarakimu zinafanana lakini noti hazifanani. Noti kubwa kwetu ni 10,000. Uganda kuna 20,000 nyekundu na 50,000 ya njano, na gizani kwenye boda mtu hutoa 50,000 akidhani ni kitu kidogo. Mweka hazina avunje noti kubwa zote mapema, ampe kila mmoja 1,000 za kahawia na 2,000 za buluu za kutumia njiani.

Badilisheni kiasi cha siku ya kwanza kwenye duka la fedha lililosajiliwa, Bukoba au Mutukula, msibadilishe kwa vijana wanaotembea na mabunda mpakani. Mchezo wao si noti bandia peke yake. Huhesabu mbele yako vizuri kabisa, kisha hukunja bunda na noti mbili zikabaki kiganjani. Kampala maduka ya fedha ya Kampala Road hupokea shilingi za Tanzania na Kenya. Mwenye dola abebe noti kubwa na mpya, ndogo na zilizochakaa hukatwa bei au hukataliwa.

Alfajiri ya kwanza

Tokeni Bukoba saa 11 alfajiri. Saa 12 ni kuchelewa, kwa sababu nusu saa ya asubuhi huzaa saa moja na nusu ya foleni mchana. Hadi Mutukula ni kilomita 80 hivi, mnavuka mto Kagera pale Kyaka, kwenye daraja lililovunjwa na jeshi la Amin mwaka 1978 na kujengwa tena. Saa moja asubuhi mko mpakani.

Mutukula ni kituo cha pamoja cha forodha, kilichofunguliwa na marais Magufuli na Museveni Novemba 2017, na utaratibu wake huwachanganya waliozoea wa zamani. Mkielekea Uganda, msisimame kwenye jengo la upande wa Tanzania. Vukeni moja kwa moja hadi jengo la upande wa Uganda, humo mtakuta maofisa wa nchi zote mbili: wa Tanzania anawagongea muhuri wa kutoka, wa Uganda wa kuingia. Kurudi ni kinyume chake, shughuli zote ziko upande wa Tanzania. Hesabuni dakika 45 kukiwa kweupe, saa moja na nusu kukiwa na mabasi mbele yenu. Abiria washughulike na pasipoti huku dereva akishughulikia gari. Msipange mstari mmoja wote.

Angalieni kitu kimoja: watu wa Mutukula huvuka huku na huku kununua chumvi na sukari bila kuulizwa, na mgeni huweza kujikuta yuko Uganda bila muhuri. Hakuna atakayemsimamisha. Tatizo huja wakati wa kurudi, au kwenye kizuizi cha polisi njiani.

Kwa walio bila gari: pandeni Noah au Hiace hadi Mutukula, vukeni kwa miguu, chukueni usafiri wa upande wa pili hadi Masaka au Kampala. Gari ndogo za kushiriki za Mutukula hupakia hadi mtu wa pili anakaa na dereva kiti kimoja. Subirini ile kubwa ya viti 14. Basi la moja kwa moja ni raha zaidi, ila linaamua lenyewe saa ya kufika.

Toka Mutukula hadi Masaka ni kilomita 90 hivi kupitia Kyotera. Masaka badilisheni dereva, hata kama wa kwanza anasema hajachoka. Toka hapo hadi Kampala ni 130. Lukaya ndipo pa kula: vijana huja mbio dirishani na kuku wa kijiti, maini, na gonja, ndizi tamu ya kuchoma. Shusheni kioo nusu, mkubaliane bei kabla nyama haijaingia ndani ya gari, maana ikishaingia bei ni yake.

Baada ya Lukaya kuna kinamasi na daraja la Katonga. Mei 2023 mafuriko yalilikata daraja hilo na magari yakalazimika kuzunguka kupitia Gomba na Sembabule, mzunguko wa saa kadhaa. Kwa hiyo msimu wa mvua kubwa mpigieni simu mtu aliye Masaka jioni kabla ya safari. Swali moja tu: Katonga inapitika?

Kayabwe, kilomita 70 hivi kabla ya Kampala, ndipo mstari wa ikweta unapokata barabara, na yale maduara meupe ya zege bado yapo pande zote mbili. Dakika 15 za picha. Kijana atawaonyesha maji yakizunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili. Ni mkono wake unaoyazungusha anapomimina. Dunia haina nguvu ya kugeuza maji ya bakuli ndogo kwa hatua kumi. Mpeni chochote, ni mchezo mzuri.

Kuanzia Nsangi na Kyengera foleni huanza. Mkifika mzunguko wa Busega msiingie mjini kwa njia ya Natete mkifuata mazoea ya miaka ile. Pandeni Northern Bypass, shukeni Hoima Road, pitieni Kasubi na Nakulabye, na mko Makerere kabla hamjagusa katikati ya mji. Mkitoka Bukoba saa 11 na mpaka ukawa mwepesi, saa 7 mchana mnakula.

Walio Kisumu: vukeni Busia badala ya Malaba, kwa sababu Malaba ndiko malori yanakopanga foleni. Kuku wa njiani wenu yuko Namawojjolo baada ya msitu wa Mabira, na foleni yenu huanza Mukono. Wanaotoka Dar kwa ndege watue Entebbe. Barabara ya haraka ya Entebbe hutozwa, 5,000 kwa gari dogo tangu Januari 2022 ilipoanza kulipiwa, na inaishia hapohapo Busega, mahali pazuri pa kukutana na wenye gari.

Mahali pa kulala

Chumba kizuri Munyonyo ni chumba kibaya kwa safari hii. Foleni ya Ijumaa kati ya saa 10 jioni na saa 3 usiku itakula saa zenu zote. Laleni ndani ya kilomita mbili toka Wandegeya, ili mtembee kwa miguu. Nyumba ya wageni ya chuo ipo, na Nakulabye na Mulago kuna nyingine nyingi. Katikati kabisa ya Wandegeya epukeni, spika za usiku huko hazina adabu.

Mnapopiga simu ulizeni mambo manne. Je, gari linalala ndani ya geti? Jenereta ipo? Chai ya asubuhi huanza saa ngapi? Na vitanda viwili tofauti, maana wakisema "dabo" wanamaanisha kitanda kimoja kikubwa, na watu wazima wawili waliozoea wake zao hawatafurahi. Tumeni malipo ya awali ya usiku mmoja na mwombe ujumbe wa maandishi. Maneno ya simu pekee hayashiki chumba siku ya Ijumaa.

Kilima chenyewe

Kabla ya safari, kila mtu aandike kwenye kundi vituo vitano vya siku yake ya kawaida ya zamani: alilala wapi, alisoma chumba gani, alikula kwa nani, alifulia wapi, alipigia wapi simu nyumbani. Mwekeni mtu mmoja aviweke kwenye ramani. Vituo vya watu watano vitakuwa kama 15 kwa sababu vingi vinaingiliana. Chagueni 8. Zaidi ya hapo mtakuwa mnakimbizana.

Mpango unaofanya kazi ni huu. Saa 7 chakula: matooke na binyebwa (mchuzi wa karanga), au luwombo (mchuzi uliopikwa ndani ya jani la mgomba) kama kuna anayepika siku hiyo. Mhaya atasema ndizi ni ndizi, lakini ya Kampala huvikwa majani, ikapikwa kwa mvuke na kukandwa, wakati ya Bukoba huchemshwa vipande na maharage au samaki. Ubishi huo uacheni uchukue muda wake mezani.

Saa 8 na nusu ingieni geti kuu la Wandegeya na kitambulisho mkononi. Walinzi hukagua mifuko. Semeni ukweli, kwamba ni wahitimu mnatembelea, na kadi ya zamani ya chuo kama mnayo hufungua tabasamu. Pandeni hadi jengo kuu. Liliungua usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020, paa lote likaenda, na lilijengwa upya kwa sura ileile na kufunguliwa tena Oktoba 2024. Aliyemaliza kabla ya hapo atazame madirisha na mnara kwa makini, amwambie mwenzake ni nini kimebadilika. Mbele yake ni Freedom Square. Nyerere alisoma kilimani hapa miaka ya 1943 hadi 1945, Mkapa akamaliza mwaka 1962, na kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja cha Afrika Mashariki. Kama mnasafiri na mtoto mkubwa wa mmoja wenu, hapa ndipo pa kumsimulia.

Bwenini kuna utaratibu. Lumumba, Livingstone, Nkrumah, Nsibirwa, Mitchell, University Hall, na kwa akina dada Mary Stuart, Africa na Complex: zote zina msimamizi, na ndani ya vyumba sasa kuna watu wengine. Muombeni msimamizi, tazameni mlango wa chumba kwa nje, msigonge. Mwanaume asijaribu kuingia Mary Stuart kwa hoja kwamba zamani alikuwa anaingia. Walio Lumbox (umoja wa mabweni ya Lumumba na Mary Stuart) watataka picha na Gongom, sanamu la chuma la Lumumba. Hilo halina kibali. Na tazameni juu mnapopita chini ya miti: kalooli, yale makorongo makubwa yenye mfuko shingoni, hayajahama, na shabaha yao ni ileile. Msiegeshe gari chini yao.

Saa 10 tokeni geti la magharibi kwenda Kikoni. Hapa ndipo pana mabadiliko makubwa kuliko pote. Hosteli za ghorofa zimesimama palipokuwa na nyumba za matofali zenye ua, na mtu anaweza kuzunguka mara tatu asione alipoishi. Tafuteni kitu kisichohamishika: msikiti, kanisa, mwembe, kona ya barabara. Tangulieni kwa hicho, halafu hesabuni nyumba.

Waliosoma Kansanga wasijaribu kuunganisha vilima vyote viwili mchana mmoja wa Ijumaa. Wao mchana wao ni Kansanga, Kabalagala na samaki wa kukaanga ufukweni Ggaba, na walale hukohuko. Kundi likiwa la mchanganyiko, gawanyikeni saa 8 na mkutane saa 4 usiku, kila kundi likiwa na fedha zake.

Mnapotafuta watu, bebeni zawadi ndogo. Kahawa ya Bukoba, ya unga au ile ya kutafuna, inaeleweka Buganda bila maelezo, kwani kutafuna buni na mgeni ni desturi ya pande zote mbili. Mhadhiri mwandikieni wiki moja kabla na mmwombe dakika 20, msimvamie. Mwenye kibanda hahitaji barua, ila msiende wote watano mkasimama mbele ya wateja wake saa ya biashara.

Usafiri na maneno ya mjini

Mmesahau zaidi ya mnavyodhani. Taxi ni kipanya cheupe chenye mistari ya miraba ya buluu, na gari la kukodi ni speshali. Kushuka hupigi kelele "shusha", unasema "ku siteegi awo" au "mu maaso awo". Bei ni "ssente mmeka?", na kupunguziwa ni "kendeezaako". Saa za Waganda huhesabiwa kama zetu: ssaawa bbiri ni saa mbili, kwa hiyo mkiagana kwa Luganda mko salama, mkiagana kwa Kiingereza hakikisheni mara mbili.

Kiswahili kinaeleweka na wengi, na baraza la mawaziri la Uganda liliridhia kukifanya lugha rasmi mwezi Julai 2022, lakini kwa wazee wa Kampala bado kina harufu ya kambi ya jeshi. Anzeni na "Gyebaleko ssebo" au "nnyabo". Baada ya hapo ongeeni mtakavyo.

Boda itisheni kwa programu ya simu ili bei iwe imeandikwa na dereva ana jina. Vaeni kofia. Kupakizana mishikaki hadi Kabalagala saa 7 usiku kulikuwa ujinga mkiwa na miaka 21, na mifupa sasa ni ya miaka 38.

Kwa intaneti, laini ya Uganda huwadai wageni pasipoti na usajili, na kwa saa 30 haina faida. Wawili wanunue vifurushi vya ng'ambo kabla ya kuvuka, wengine waunganishwe kwao, na ramani ya Kampala ipakuliwe nyumbani. Mipango yote iwe WhatsApp. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na aliyeahidi kurusha picha moja kwa moja humo ataona giza.

Jioni

Jua huzama karibu saa moja kasorobo. Kabla ya hapo rudini Wandegeya, kaeni mahali pamoja, na agizeni rolex: semeni mayai mangapi na chapati ngapi, vinginevyo mtapewa mawili kwa moja. Kabichi, nyanya na kitunguu huchanganywa ndani ya mayai, chapati hulazwa juu, vikakunjwa. Kikomando ni chapati iliyokatwa vipande kwenye maharage. Iagizeni moja ya kuonja pamoja, si moja kila mtu, kwa sababu kuku wa kuchoma bado anakuja.

Wekeni saa ya mwisho, saa 6 usiku, hasa kwa dereva wa kesho. Anayetaka kuendelea aendelee na mwenzake mmoja, simu ikiwa na chaji, na anwani ya nyumba ya kulala imeandikwa kwenye karatasi.

Asubuhi ya pili

Chagueni kitu kimoja. Soko la Owino ni kwa wenye kununua, na ni saa 2 asubuhi kabla hapajafurika. Simu mfuko wa mbele, mikoba ibaki chumbani. Msikiti mkuu wa Old Kampala, uliofunguliwa 2007, ni kwa wenye magoti: mnapanda ngazi zaidi ya 300 za mnara na kuona vilima vyote mkivitaja kimoja kimoja. Wanawake hupewa nguo ya kujifunika mlangoni, na kiingilio hulipwa. Kasubi ndiyo iliyo njiani hasa: makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, yaliyoungua Machi 16, 2010, yakajengwa upya kwa mafundi wa nyasi wa ukoo, na mwaka 2023 yakatolewa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Saa moja inatosha, kisha Hoima Road inawarudisha kwenye Bypass.

Saa 6 mchana muwe mnaondoka. Sababu ni giza la barabara ya Masaka: malori yasiyo na taa za nyuma, boda zisizo na taa kabisa, na ng'ombe. Mkiwa Busega saa 7, Mutukula ni saa 11 jioni, na Bukoba mko kwa chakula cha usiku. Kwenye senta za njiani punguzeni mwendo. Polisi wa Uganda wana kamera za mwendo na wanazijua sehemu zenu za uvivu.

Mpakani kurudi, simameni jengo la Tanzania, rudisheni kibali cha gari, na badilisheni shilingi za Uganda zilizobaki kabla hamjavuka, kwani Bukoba mjini bei yake huwa mbaya. Na kagueni mizigo kwa ajili ya kavera. Maduka ya Kampala bado huwapa watu mifuko ya plastiki, lakini Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya kubebea tangu Juni 1, 2019, na faini inamhusu aliyeishika. Kama mmenunua senene Masaka, ambao hupatikana zaidi Novemba na Mei, wahamishieni kwenye ndoo yenye mfuniko au kikapu mkiwa bado upande wa pili. Wawe wamekaangwa tayari, la sivyo hadi Kyaka gari zima litakuwa linanuka na wenye senene watakuwa wanalaumiana ni nani aliyesema watakaa hadi kesho.